Barua tatu, swali moja: Tume ya TEHAMA na kazi ya kuwapanga waliomtangulia

Nilipokuwa afisa TEHAMA wa halmashauri ambayo jina lake naliacha, masijala iliwahi kuniletea barua tatu ndani ya wiki mbili. Zote zilikuwa zimepita kwa Mkurugenzi, na pembeni ya kila moja kulikuwa na maneno yale yale ya kalamu nyekundu: "Afisa TEHAMA, tekeleza." Zilitoka taasisi tatu za serikali kuu, na ukiondoa kichwa cha barua na Kumb. Na., zilikuwa barua moja: mna kompyuta ngapi, mnatumia mifumo gani, intaneti mnanunua kwa nani. Tofauti ilikuwa kwenye jedwali. La kwanza liliuliza kompyuta zilizopo. La pili liliuliza zinazofanya kazi. La tatu lilitaka zipangwe kwa idara na chanzo cha fedha, kwa hiyo zile za mradi wa afya, ambazo vitabuni bado zilikuwa mali ya mfadhili, zikatolewa. Nikajaza yote. Majibu yakawa matatu, na kila moja lilikuwa la kweli. Hakuna aliyepiga simu kuuliza mbona tarakimu hazifanani, maana hakuna aliyekuwa na karatasi zote tatu mezani kwake.

Kwenye karatasi za nchi, mwenye meza hiyo alikuwepo. Ni Tume ya TEHAMA, iliyoundwa 2015 kwa hati ya Rais ili iratibu utekelezaji wa Sera ya Taifa ya TEHAMA. Kisa ninachokichambua ni cha chombo hicho: kwa nini kilichelewa kuzaliwa, kiliwakuta akina nani nyumbani, na kwa nini barua tatu ziliendelea kuja kana kwamba hakipo.

Mratibu wa kwanza kazi yake ilikuwa kukataa

Wenzangu wengi wa fani hii wakisimulia historia ya TEHAMA Tanzania huanzia 2003, mwaka wa sera ya kwanza. Mimi naanzia 1974. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka kumi, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na aliyeona hawezi kuishi bila mashine hiyo akatakiwa kuomba kibali maalumu. Sababu zilikuwepo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine lilikuwa limekwenda kombo.

Marufuku ile inasemwa vibaya, na inastahili. Iliwanyima vijana wa miaka ya 70 na 80 nafasi ya kuishika mashine wakati wenzao kwingineko walikuwa wanaanza kuizoea. Lakini ukiitazama kama mfano wa uratibu, ilikuwa na kitu ambacho hakuna chombo cha TEHAMA kilichokuja kuwa nacho kwa miongo mingi baadaye: saini ambayo ikikosekana, jambo linasimama. Kompyuta haikutoka bandarini bila karatasi ile. Nauweka mfano huu mbele mapema kwa sababu ndio kipimo nitakachotumia mpaka mwisho. Ukitaka kujua nani anaratibu kweli, usisome majukumu yake. Uliza ni kitu gani kinakwama asipotia saini.

Sera iliyoomba kiongozi

Kufikia miaka ya mwisho ya 90 milango ilikuwa imefunguka, na kilichoingia kiliingia kwa fujo. Kila wizara na mfadhili wake, kila mfadhili na mfumo wake. Mhasibu alikuwa na programu moja, mtu wa mishahara ana nyingine, wa ardhi ana yake, na hazikujuana hata kidogo. Sera ya Taifa ya TEHAMA ya Machi 2003, iliyoandaliwa chini ya Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi wakati waziri akiwa Profesa Mark Mwandosya, ililisema hilo bila kuuma maneno: kukosa sera ya jumla na uoanishaji hafifu kumeleta mifumo na viwango vya kila aina, kazi moja kufanywa mara mbili, na rasilimali chache kupotea. Wakati huo hata jina la kitu chenyewe lilikuwa bado linatafutwa. Barua za serikali ziliandika Teknohama, na TEHAMA ikaja kushinda baadaye kwa sababu, nadhani, inatamkika bila kujing'ata ulimi.

Sera ile ilikuwa na maeneo 10 ya kipaumbele. La kwanza kabisa, kabla ya miundombinu, kabla ya elimu, kabla ya sheria, lilikuwa uongozi wa kimkakati wa TEHAMA. Waandishi walijua wanachofanya. Walijua kwamba maeneo 9 yanayofuata yatakwenda ovyo kama hakuna wa kuyafunga pamoja.

Lakini kiongozi aliyeombwa 2003 alikuja 2015. Na mwaka uliofuata, 2016, serikali ikatoa sera mpya ya TEHAMA. Yaani chombo kilizaliwa wakati sera iliyokililia inakwenda kustaafu.

Kwa nini miaka 12? Jibu rahisi ni uzembe, na silikubali. Serikali ilikuwa na kazi nyingi za TEHAMA katika miaka hiyo, na baadhi zilikuwa kubwa kweli. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza 2009 kwa mkopo wa China, mwaka ule ule nyaya za SEACOM zilipofika pwani yetu na bei ya intaneti ikaanza kuvunjika. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ikapitishwa 2010. Watu hawakuwa wamelala.

Tatizo naliona kwenye kichwa cha barua. Mwaka 2003 mawasiliano yalikuwa na Uchukuzi. Mwaka 2006 yakawa ndani ya Miundombinu, pamoja na barabara. Mwaka 2008 yakapelekwa kwa Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2015 yakarudishwa kwa Ujenzi na Uchukuzi. Desemba 2020 yakapata wizara yake pamoja na teknolojia ya habari, na 2021 habari ikaongezwa juu yake. Aliyewahi kufanya kazi wizarani anajua maana ya kuhama namna hiyo. Sitazungumzia kubandua kibao mlangoni. Nazungumzia jalada. Rasimu ya waraka wa Baraza la Mawaziri inayohamia kwa katibu mkuu mpya inarudi mwanzo, kwa sababu katibu mkuu mpya hatasaini kitu ambacho hakukisoma, na wataalamu wake wa barabara na madaraja hawana haraka nacho. Chombo cha kuratibu hakina mkandarasi anayesubiri malipo, hakina jiwe la msingi la kuzindua. Ni mtoto asiyelia, na mtoto asiyelia hunyonya mwisho.

Kaka na dada zake

Kilichotokea wakati jalada linazunguka ndicho kiini cha kisa. Nafasi haikubaki wazi. Ilijazwa na wengine, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu nzuri.

Mwaka ule ule wa sera, 2003, Bunge lilipitisha sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa kuunganisha tume mbili za awali, ya mawasiliano na ya utangazaji. TCRA ilizaliwa na vitu viwili ambavyo mratibu yeyote angevililia: sheria ya Bunge, na mapato yanayotoka kwenye leseni na ada za makampuni. Mwaka 2006 ikaja sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ifike vijijini ambako makampuni hayaoni faida. Mfuko, kama jina linavyosema, una fedha. Mwaka 2012 ukaanzishwa Wakala wa Serikali Mtandao, eGA, na haukuwekwa wizara ya mawasiliano. Uliwekwa Ofisi ya Rais, Utumishi, mahali ambapo barua ikitoka inajibiwa. Vitambulisho vilikuwa vya NIDA, tangu 2008, upande wa Mambo ya Ndani. Ubunifu na vijana wenye programu zao walikuwa wameshapata kwa kwenda: COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya tangu miaka ya 80, ilikuwa na kituo chake cha Buni pale Kijitonyama, kituo cha daladala cha Sayansi.

Kwa hiyo Tume ya TEHAMA ilipofika 2015, nyumba ilikuwa imeshagawanywa vyumba. Usimamizi wa makampuni una mwenyewe. Vijijini kuna mwenyewe. Mifumo ya serikali ina mwenyewe. Utambulisho una mwenyewe. Mkongo uko kwa wizara na unaendeshwa na TTCL. Tume ikapewa jukumu la kuwapanga wote hao, na ikapewa kwa hati ya Rais, bajeti yake ikipitia wizarani.

Hapa nikiri jambo moja. Wanaosema "tatizo ni hati ya Rais, ingekuwa sheria ya Bunge wangeheshimu" wana nusu ya ukweli tu. NIDA nayo ilianzishwa kwa hati ya Rais, na hakuna anayethubutu kuidharau. NIDA inatisha kwa sababu ina kitu ambacho kila mtu anakihitaji: ile namba ya tarakimu 20. Bila hiyo huna laini ya simu, na mengi mengine hayaendi. Hati yake ilikuta tayari sheria ya usajili wa watu ya mwaka 1986 ikiisubiri. Tume ya TEHAMA ilikuta nini? Ilikuta sera. Na sera, kwa utaratibu wetu, haimpeleki mtu mahakamani wala haimnyimi fedha za matumizi ya kawaida.

Zanzibar ni mlango mwingine ambao taarifa nyingi za Dar na Dodoma huupita bila kubisha hodi. Posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo TCRA inavuka bahari. Lakini serikali mtandao ya Zanzibar ni ya Zanzibar, utangazaji una tume yake kule, na miundombinu ya TEHAMA ina wakala wake, ZICTIA. Chombo cha "taifa" cha kuratibu TEHAMA kinapaswa kueleza kwanza taifa linaishia wapi katika kila jambo: laini ya simu ni ya Muungano, mfumo wa hospitali si wa Muungano, na mgonjwa anayevuka na boti ya asubuhi kuja Muhimbili anavibeba vyote viwili.

Foleni ya NIDA, Januari 2020

Kama ningetakiwa kuchagua tukio moja la kuonyesha pengo la uratibu, ningechukua usajili wa laini kwa alama za vidole.

Zoezi lilianza Mei 2019. Wazo lilikuwa sahihi: wizi wa mitandaoni ulikuwa umekithiri, kila mtu anapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na laini zilisajiliwa kwa majina ya marehemu. Mwisho uliwekwa 31 Desemba 2019. Masharti yalikuwa kitambulisho cha NIDA, au walau namba yake. Upande mmoja, TCRA na makampuni, kasi yao ni ya biashara: wakala yuko chini ya mwavuli kila kona, ana kifaa cha alama za vidole mkononi, anamaliza mtu mmoja kwa dakika chache. Upande wa pili, NIDA, kasi yake ni ya kuhakiki uraia: fomu, serikali ya mtaa, mahojiano, picha, kusubiri. Hakuna upande uliofanya kosa ndani ya kazi yake. Kasi mbili tu zilifungwa kwenye kamba moja bila mtu wa kupima kamba.

Nilimsindikiza mama mdogo wangu mwezi ule wa mwisho. Tulifika ofisi ya wilaya alfajiri, tukakuta watu wameshaweka mawe na chupa za maji kushika nafasi zao, wenyewe wamekaa kivulini mbali kidogo. Kijana mmoja alikuwa anaandika majina kwenye daftari la shule, mtu wa kujiteua mwenyewe, na watu walimtii kuliko askari wa getini. Mama mdogo alikuwa wa mia na kitu. Saa nne ikatangazwa mtandao hauko. Alichosema sitakiandika chote, ila kilianza na "sasa hawa wenye simu na hawa wenye vitambulisho hawaongei?"

Swali lake ndilo lilikuwa jukumu la mratibu wa taifa. Mtu wa kukaa Februari 2019, akawauliza NIDA wameshatoa namba ngapi na wanatoa ngapi kwa wiki, akagawa, kisha akaiambia TCRA tarehe ya mwisho haiwezi kuwa Desemba. Hesabu ya darasa la sita. Kilichotokea ni kwamba mwishoni mwa Desemba Rais Magufuli aliongeza siku 20, mpaka 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Saini iliyosogeza jambo ilikuwa ya Ikulu. Vyombo viwili chini ya mawaziri wawili havikuwa na mtu wa kuwakutanisha aliye chini ya Rais mwenyewe. Nchi ikiratibu laini za simu kwa tamko la Rais, ina maana ngazi yote ya katikati haina uzito.

Kontrol namba

Sasa mfano wa upande wa pili, maana nisipouleta nitakuwa nimedanganya kwamba sisi hatuwezi kuratibu.

Anayekumbuka kulipia huduma ya serikali kabla ya 2017 anakumbuka kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni katikati, na anakumbuka "rudi kesho, mwenye kitabu hayupo". Kila taasisi ilikuwa na akaunti zake kwenye mabenki ya biashara, kila moja na karatasi yake ya kuweka fedha. Hazina haikujua kwa uhakika kuna kiasi gani wapi mpaka wakaguzi wapite. Kisha ukaja mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, wa Wizara ya Fedha. Maji, pasipoti, faini, ada ya chuo, tozo za mahakama: unapewa namba moja ya malipo, unalipa kwa simu au benki yoyote, fedha inaonekana. Mtaani haijawahi kuitwa vingine ila kontrol namba, na siku hizi hata bibi wa kijijini anamwambia mjukuu, "nitumie kontrol namba nilipe."

Huu ndio uratibu mkubwa kuliko wote uliofanyika katika TEHAMA ya serikali yetu. Mamia ya taasisi yalikubali kuunganishwa kwenye njia moja ndani ya miaka michache. Na haukufanywa na mratibu wa TEHAMA. Ulifanywa na Hazina. Halmashauri yetu haikuunganishwa kwa sababu ilisoma sera ikaguswa moyo. Iliunganishwa kwa sababu barua ilitoka kwa anayetupa fedha, na ilikuwa na tarehe.

Mfano wa pili ni eGA. Kuanzia 2012 ilikuwa wakala, na wakala huwa anashauri. Halmashauri zilimsikiliza zilipotaka. Mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10, wakala akawa Mamlaka, na taasisi ya umma inayotaka kuanzisha mradi wa TEHAMA ikatakiwa kupata kwanza ridhaa yake. Nilikuwepo ofisini wakati huo, na mabadiliko niliyaona kwa macho. Wachuuzi wa mifumo, wale wanaokuja na tai na projekta kumwonyesha Mkurugenzi mfumo wa kukusanya ushuru "unaotumika nchi nzima", walikuwa wanaondoka na mkataba siku hiyo hiyo. Baada ya sheria, Mkurugenzi aliuliza swali jipya: "Serikali Mtandao wanasemaje?" Mchuuzi akifika hapo alikuwa anakunja projekta.

Unaona mwangwi wa 1974. Tumerudi kwenye kibali, ila safari hii anayetoa anakijua kitu anachokikubali au kukikataa. Hatari yake naiona pia: kibali kinachochelewa kinaweza kuua wazo zuri la mkoani, na mamlaka inayojenga mifumo yenyewe huku ikiidhinisha ya wengine ina kishawishi cha kupenda ya kwake. Lakini kwa kipimo cha saini, eGA inaratibu. Ndani ya uzio wa serikali, walau.

Tume ikabaki na nini, basi? Ikabaki na nje ya uzio: kuwatambua na kuwasajili wataalamu wa TEHAMA, kuandaa kongamano la TEHAMA la kila mwaka, kulea wabunifu, kuzungumza na sekta binafsi. Si kazi ndogo. Mhandisi ana bodi yake, mhasibu ana bodi yake, na sisi wa kompyuta tumekaa miaka yote hiyo tukiwa "vijana wa IT", ambao mkuu wa idara akiishiwa na wino wa printa anawaita kwa kupiga meza. Chombo kinachosema huyu ni mtaalamu na yule si mtaalamu kina maana kwangu binafsi. Ila hiyo ni kazi ya bodi ya taaluma na ya mlezi wa vipaji. Kuiita uratibu wa sera ya taifa ni kumvalisha mtu koti la kaka yake.

Kenya walijaribu njia nyingine

Majirani zetu walikuwa na msongamano kama wetu. Walikuwa na Kurugenzi ya Serikali Mtandao tangu 2004 katika Ofisi ya Rais, walikuwa na idara ya huduma za kompyuta za serikali, GITS, upande wa Hazina, na 2007 wakaongeza Bodi ya TEHAMA, ile iliyopata jina kwa kuvutia wawekezaji na kutoa ruzuku kwa vijana wa maudhui ya ndani. Mwaka 2013, serikali mpya ilipoingia, wakazichukua zote tatu wakazifanya moja: Mamlaka ya TEHAMA, ICTA.

Kuunganisha kuliondoa barua mbili kati ya tatu, na kwa hilo nawaonea wivu. Lakini angalia mambo mawili. Mfumo wa fedha za serikali, IFMIS, ulibaki Hazina; mwenye mfuko hakuachia mfuko. Na ICTA, baada ya kuundwa, ilitwishwa mradi wa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa shule za msingi, zaidi ya vifaa milioni moja kuanzia 2016. Mratibu anayeagiza vifaa milioni moja na kuvisambaza mpaka Turkana hana muda wa kuratibu. Anakuwa mtekelezaji kama wengine, na ofisi yake inajaa watu wa manunuzi na malori.

Ningefanya nini

Sipendekezi kuifuta Tume. Vyombo vikishazaliwa vina watumishi wenye mikopo ya nyumba, na kuvivunja kunakula miaka mingine 12. Napendekeza tuache kuiambia ifanye kitu ambacho hatujaipa mkono wa kukifanyia.

Kazi ya taaluma na ubunifu ibaki kwake, na iandikwe kwenye sheria kama bodi nyingine zilivyoandikiwa. Kazi ya kupanga vyombo ihamie panapokaa bajeti. Tume ya Mipango imerudi kwa sheria ya 2023, iko Ofisi ya Rais, na inaangalia miradi ya maendeleo ya wizara zote. Dawati dogo la TEHAMA pale, watu sita au saba wanaojua kusoma usanifu wa mfumo na pia kusoma kitabu cha bajeti, lingetosha. Lisijenge mfumo hata mmoja. Lisiwe na mradi wala gari la mradi. Liwe na haki moja tu: mradi wa TEHAMA unaogusa zaidi ya wizara moja usipate fedha mpaka dawati limeona barua za makubaliano za pande zote, pamoja na hesabu ya kasi ya kila upande. Hesabu ile ile ya Februari 2019 ambayo hakuna aliyeifanya.

Najua pingamizi litakalokuja. Watasema tunaongeza kizuizi juu ya kibali cha eGA. Ndiyo, kwa miradi michache. Mfumo wa halmashauri moja wa kukatia leseni hauwahusu hawa watu sita. Laini za simu zinazofungwa kwenye vitambulisho zinawahusu. Taarifa binafsi zinawahusu pia, na hapo tayari kuna ndugu mwingine mdogo: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza baada ya sheria ya 2022 kuanza kutumika Mei 2023. Yeye, tofauti na Tume ya TEHAMA, amekuja na sheria ya Bunge mkononi, na ana uwezo wa kumpiga faini anayevujisha. Kila chombo cha umma chenye daftari la majina kitakutana naye. Kama hakuna aliyewakalisha pamoja yeye, NIDA, TCRA na eGA kabla ya kukutana huko barabarani, mama mdogo wangu atauliza swali lile lile tena, kwenye foleni nyingine.

Niliacha kazi ya halmashauri miaka kadhaa sasa. Aliyerithi kiti changu tunawasiliana, na majuzi nilimuuliza kuhusu majedwali yale. Akaniambia moja siku hizi linajazwa mtandaoni, ukikosea tarakimu linakataa. Mengine mawili bado yanakuja kwa barua.